Maji yasirudi: nonritani, mwanya wa hewa au valvu pacha kwa mfumo wa kisima cha nyumbani

Muulize fundi bomba yeyote wa Dar es Salaam kama mfumo wako wa kisima una kinga ya maji kurudi, atakujibu haraka: "Nonritani ipo." Nonritani ni valvu inayoruhusu maji kwenda upande mmoja tu, na mara nyingi ni kweli ipo. Kisichojibiwa ni ipo wapi, inazuia nini na nani aliikagua mara ya mwisho. Nonritani iliyo juu ya pampu inailinda pampu. Haikulindi na maji ya chemba yanayonyonywa na bomba la kuoshea kichujio, na klorini ikitaka kuingia kwenye bomba usiku umeme ukikatika, haina habari nayo.

Nazungumzia nyumba ya kawaida yenye kisima kirefu: pampu ya kuzamisha mita 40 au 60 chini, tangi la chini na jingine la mnarani, vichujio viwili vitatu, pengine kifaa cha kulainisha maji na pampu ndogo ya kudondoshea klorini, halafu pembeni bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, linalotoa maji siku zake. Kila kipande hapo kina njia yake ya kurudisha maji yasikotakiwa, kwa hiyo hakuna kifaa kimoja utakachonunua ukamaliza kazi. Msimamo wangu niuseme mapema: panapowezekana kutenganisha mabomba kwa hewa, yaani kuacha mwanya wa hewa, tenganisha. Valvu zibaki kwa sehemu ambazo hewa haiwezekani.

Kunyonywa na kusukumwa

Maji hurudi kwa kunyonywa au kwa kusukumwa, na usipozitofautisha hizi mbili utanunua kifaa kisicho chako.

Kunyonywa hutokea presha ya upande unaoleta maji ikishuka ghafla. Umeme umekatika, pampu imesimama, maji yaliyojaa ndani ya bomba yanaanza kuteremka kisimani, na nyuma yake yanaacha ombwe. Chochote kilichoungana na bomba hilo kinavutwa: maji ya ndoo ambamo mpira umezamishwa, dawa ya wadudu kwenye bomba la kupulizia, klorini iliyo kwenye galoni. Bomba la mtaa nalo hunyonya vivyo hivyo, siku ya mgao valvu ikifungwa na jirani wa bondeni akafungua koki yake.

Kusukumwa ni pale upande wa nyumbani unapokuwa na presha kubwa kuliko unakotoka maji. Kila mita 10 za kimo cha maji ni takriban bar 1, kwa hiyo tangi la kwenye mnara wa mita 6 linasukuma kwa bar 0.6 usiku na mchana. Busta pampu ya nyumbani hufika bar 2 au 3 bila shida. Bomba la mtaa lililokauka halina ubavu wa kushindana na hizo.

Kama unadhani kunyonywa ni nadharia ya darasani, mwaka 1969 huko Worcester, Massachusetts, moto uliwaka jirani na uwanja wa chuo cha Holy Cross. Zimamoto wakavuta maji mengi, presha ya bomba ikaanguka, na maji machafu yaliyotuama kwenye mashimo ya vinyunyizio vya nyasi yakanyonywa mpaka kwenye bomba walilokuwa wakinywea wachezaji. Karibu timu nzima ikapata homa ya ini aina A, na msimu ukafutwa baada ya mechi mbili.

| Kifaa | Kunyonywa | Kusukumwa | Presha inayopotea | Utaikaguaje |
|---|---|---|---|---|
| Mwanya wa hewa | Huzuia | Huzuia | Yote. Unaanza upya kwa pampu au mnara | Kwa macho |
| Nonritani moja | Huzuia ikiwa nzima | Huzuia ikiwa nzima | Kidogo sana | Geji ya presha, pampu ikiwa imezimwa |
| Nonritani pacha (mbili zinazofuatana katika kifaa kimoja) | Huzuia, kwa uchafu usio hatari sana | Vivyo hivyo | Ya wastani | Koki zake ndogo za kupimia |
| Kivunja ombwe (huingiza hewa bombani presha ikishuka) | Huzuia | Hakizuii | Kidogo | Kiangalie kama kinavuta hewa maji yakifungwa |
| RPZ (nonritani mbili zenye chumba katikati kinachomwaga maji nje zikivuja) | Huzuia | Huzuia | Bar 0.7 hadi 1 | Mtu mwenye kipimo chake |

Kiwango cha Ulaya cha EN 1717 kinapanga maji katika madaraja matano ya hatari. Nonritani moja inakubalika kwa daraja la 2, RPZ kwa la 4. Daraja la 5, ambalo ni maji yenye kinyesi na vijidudu vya magonjwa, kimsingi wanataka mwanya wa hewa. Hatufungwi na kiwango hicho huku kwetu, ila ukikitazama unaona nonritani yetu tunayoitegemea kwa kila jambo wenzetu wameiweka karibu na mwisho wa foleni.

Mwanya wa hewa, na jinsi unavyoharibiwa kwa nia njema

Huu si kifaa cha dukani. Ni bomba linaloishia hewani, maji yanaanguka kwenye tangi au kwenye bomba la maji machafu bila kugusana na kilicho chini. Kanuni yake: kati ya mdomo wa bomba na usawa wa juu kabisa ambao maji yanaweza kufika, acha nafasi mara mbili ya kipenyo cha bomba, na isipungue milimita 25. Bomba la inchi moja, acha sentimita 5. Hakuna springi ya kuchoka wala raba ya kuliwa na klorini, na mtoto wa darasa la tatu anaweza kuukagua.

Kwenye tangi, usawa wa juu ni ovaflo, yaani bomba la kutolea maji yanayozidi, si mfuniko. Bomba la kuingiza lipite juu ya ovaflo, na ovaflo yenyewe iwe nene kuliko bomba la kuingiza, ifungwe wavu mijusi isiingie. Hapo kila kitu kiko sawa, mpaka mwenye nyumba achoshwe na kelele za maji yanayoanguka usiku. Fundi anaitwa, anaongeza kipande cha bomba kutoka kwenye floti hadi karibu na kitako cha tangi. Kelele zinakwisha, watu wanalala. Lakini sasa mdomo wa bomba umezama, na siku nonritani ya kisimani ikianza kuvuja, tangi la lita 5,000 linarudi kisimani taratibu pamoja na vumbi na ukoga uliomo. Asubuhi unakuta tangi limebaki nusu, unaanza kutafuta bomba lililopasuka. Ukipanda kulisafisha tangi, chungulia kama kipande hicho kipo, kikiwepo, kikate.

Mtindo mwingine unaopendwa ni bomba moja la kupandisha na kushusha maji, limeungwa chini ya tangi la mnarani, na nonritani kwenye tii (kiungo cha njia tatu) ndiyo inayoamua yaende wapi. Unaokoa mita kadhaa za bomba, unapoteza mwanya wote. Mimi siukubali hata kwa bure.

Sehemu ya pili unapohitajika mwanya, na hii ndiyo husahauliwa zaidi, ni bomba la kutolea maji ya kuoshea vichujio. Kichujio cha mchanga, cha mkaa na kifaa cha kulainisha maji vyote hujiosha kwa kugeuza mwendo wa maji, kisha uchafu hutoka kwa kibomba chembamba. Kibomba hicho mara nyingi huchomekwa ndani kabisa ya chemba ili maji yasiruke ukutani. Umeme ukikatika katikati ya kuosha, presha ikashuka, kinachoning'inia kwenye maji ya chemba kinageuka kuwa mrija wa kunyonyea. Kifunge ukutani, mdomo wake uelee juu ya bomba pana lililokaa kama faneli. Mashine ya kuchujia maji ya kunywa iliyo chini ya sinki, ile yenye utando, nayo inatoa maji ya kumwaga, na dawa yake ni hiyo hiyo.

Gharama ya mwanya wa hewa ni presha. Maji yakishamwagika tangini yamekufa, inabidi uyapandishe tena kwa busta au uyaache yashuke kutoka mnarani. Tangi nalo linataka kusafishwa. Nakubali hasara hiyo.

Nonritani ya kisimani: ya mlango au ya springi?

Ndani ya kisima hewa haina nafasi, kwa hiyo ni nonritani tu. Ubishi ni aina gani na ngapi.

Ya mlango, ile yenye kifuniko kinachoning'inia kwenye bawaba, ni nafuu na inafaa bomba la kulala ambamo maji yanakwenda polepole. Kwenye pampu ya kuzamisha isitumike. Pampu ikizimwa, maji yanageuka kabla mlango haujafunga, kisha yanaubamiza kwa uzito wao wote. Ule mgoto unaousikia ukutani mara nyingi ndio huo. Ya springi hufunga wakati maji yanasimama, kabla hayajaanza kurudi. Wala usimwachie mtu akuambie tofauti ni ya bei tu.

Pampu nyingi za kuzamisha huja na nonritani mdomoni. Ushauri wa kawaida wa watengenezaji ni kuongeza nyingine kwa kila mita 60 hivi za bomba linalopanda. Kwa kisima ambacho pampu imekaa mita 50, moja nzuri inatosha. Ile ya ziada ambayo fundi anaifunga juu kwenye mdomo wa kisima "kwa usalama" inaweza kukuletea balaa jipya. Ya chini ikivuja na ya juu ikishika, katikati panabaki ombwe. Pampu ikiwaka, maji yanapanda kwa kasi ndani ya nafasi tupu na kuipiga ile ya juu kama nyundo. Na muda wote ombwe likiwepo, kiungo chochote kinachovuja chini ya ardhi kinanyonya unyevu wa udongo. Kama bomba linapita karibu na karo, huhitaji kuelezwa zaidi.

Kutokuwa nayo kabisa ni kubaya zaidi. Maji yanayoteremka huizungusha pampu kinyume, na umeme ukirudi kabla haijasimama, shafti inaweza kukatika. Mitaa ambayo umeme unakatika na kurudi ndani ya dakika moja, ongeza na kifaa cha kuchelewesha pampu kuwaka.

Kuhusu malighafi: visima vingi vya ukanda wa pwani, Kigamboni kwa mfano, vina chumvi, na nonritani ya brasi ya bei rahisi huliwa upesi. Chukua ya chuma kisichoshika kutu, au ya plastiki ngumu kutoka duka unalolijua. Kisima kinachotoa mchanga kitaiharibu yoyote, maana chembe moja ikikaa kwenye raba haifungi tena.

Kuipima unahitaji geji ya presha iliyofungwa kati ya kisima na geti valvu ya kuelekea tangini. Zima pampu, funga geti valvu, tazama sindano. Ikishuka, maji yanarudi kisimani au bomba la upande huo linavuja. Bila kufunga geti valvu pia unaweza kusoma kitu: tangi likiwa kwenye mnara wa mita 6, geji ya chini inatakiwa ibaki bar 0.6 na ushee hata pampu ikiwa imelala tangu jana.

Klorini: kwenye bomba au kwenye tangi?

Hapa wengi wananunua kwa kuvutiwa na mashine. Pampu ya kudondoshea klorini ikiungwa kwenye bomba inatoa kipimo sawasawa, lakini inaleta dawa kali kwenye bomba lenye presha inayopanda na kushuka. Ombwe likitokea, klorini inanyonywa na kufuata maji yanakoelekea. Presha ikizidi na valvu yake ikiwa mbovu, maji ya kisima yanaingia kwenye galoni mpaka dawa inafurika sakafuni.

Ukiichagua, kuna mambo ya kudai. Valvu ya kuingizia dawa iwe na springi, na kichwa cha pampu kiwe na kinga ya kunyonywa. Pampu ndogo ipate umeme kupitia swichi ya pampu ya kisima, moja ikilala na nyingine ilale. Galoni ikae chini kuliko mahali dawa inapoingilia, na iwe ndogo: ikinyonywa yote, heri lita 20 kuliko pipa. Maji yakiwa magumu, ncha ya valvu huota ukoko mweupe na springi inanata. Ukoko unatoka kwa siki, ila isuuze kwanza kwa maji mengi, kwa sababu siki na klorini zikikutana hutoa gesi ya sumu.

Kutia dawa tangini kwa mkono kunaonekana ushamba, na kwa upande wa maji kurudi ndiyo njia salama kuliko zote, kwa kuwa chupa haijaungana na bomba lolote. Ukitaka miligramu 1 kwa lita kwenye tangi la lita 5,000 unahitaji gramu 5 za klorini, yaani kama mililita 143 za dawa ya asilimia 3.5 isiyo na manukato. Shirika la Afya Duniani linataka klorini inayobaki iwe angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30, pH ikiwa chini ya 8. Karatasi za kupimia zitakuambia kama uongeze. Kwa familia moja yenye mtu asiyesahau, nachagua tangi. Kwa nyumba za kupangisha zenye kaya sita, ambako kila mtu anadhani mwenzake ameshatia, lipia mashine pamoja na kinga zake.

Kisima na bomba la DAWASA kwenye nyumba moja

Mpango wa kawaida ni geti valvu mbili: ukifungua hii, unafunga ile. Unategemea kumbukumbu ya binti wa kazi, ya mpangaji na ya mlinzi, na unategemea geti valvu ambayo baada ya miaka michache ya maji ya chumvi haifungi hadi mwisho. Ikisahaulika, mnara wako unasukuma maji ya kisima kwenye bomba la mtaa mzima, au bomba la mtaa linavuta maji kutoka kwako. Kuongeza nonritani kunapunguza hatari, hakuiondoi.

Kipande cha kuhamisha ni bora. Kinafungwa kwa yunioni na kinafika upande mmoja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo hata ukisahau haiwezekani vyanzo viwili vikaungana. Ubaya wake unataka spana kila mgao, na baada ya wiki mbili watu huanza kutafuta njia ya mkato.

Kilicho bora kuliko vyote ni kila chanzo kiwe na bomba lake, yote mawili yamwagike kwenye tangi la chini juu ya ovaflo. Hakuna cha kukumbuka. Maji yanachanganyika tangini, yanapita kwenye vichujio, yanapandishwa mnarani. Wasiwasi pekee ni mwenye kisima cha chumvi ambaye hataki kuharibu maji matamu ya bomba. Huyo anunue tangi la pili.

Bustani, hita, na RPZ

Koki ya bustani ifungwe kivunja ombwe, kile kidogo cha kuzungushia mdomoni. Usifunge koki nyingine mbele yake ukaiacha imebanwa na presha kutwa nzima, hakikutengenezwa kwa hilo. Na ukichanganya dawa ya mboga, mpira uishie juu ya ndoo.

Hita na kifaa cha kulainisha maji vikifuatana, maji ya moto yanayotanuka yanaweza kurudi nyuma na kuharibu plastiki na resini. Nonritani kati yao inazuia hilo, lakini ukishaiweka maji ya moto hayana pa kutanukia: hakikisha hita ina valvu ya usalama inayofanya kazi, au tangi dogo la kupokea mtanuko. Usikubali fundi afunge nonritani hiyo bila valvu ya usalama au tangi hilo.

RPZ nimeiacha mwisho kwa sababu kwa nyumba nyingi haihitajiki. Ni kinga kali kwelikweli, ila inakula hadi bar 1, na mnara wako wa mita 6 unatoa 0.6, ukiifunga hapo bafuni hakutoki kitu. Inataka kupimwa kila mwaka na mtu mwenye kifaa chake, na isifungwe shimoni, kwani tundu lake la kumwagia likizama masika yenyewe inakuwa njia ya uchafu. Waachie wenye zahanati, viwanda na mashamba yanayotia mbolea kwenye bomba la umwagiliaji.

Nonritani pacha inapata kazi mahali pamoja tu kwenye nyumba ya namna hii: kwenye bomba la mtaa, baada ya mita, pale ambapo huna uwezo wa kujenga tangi la chini.

Kama mfuko unaruhusu marekebisho ya siku moja tu, anza na yasiyotaka kununua chochote. Kata kipande kilichozama tangini, toa kibomba cha kuoshea kutoka kwenye chemba, shusha galoni ya klorini chini. Pesa inayobaki inunue geji, maana bila hiyo utaipandisha pampu mita 50 kwa kubahatisha tu kwamba nonritani imekufa.